Ndege Yenu Haina Ufa

4 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mama hajambo, ila goti, na goti lenyewe unalijua. Natumai shemeji na watoto ni wazima.

Baada ya salamu, hebu nieleze nikuelewe. Redioni wamesema ofisi yenu imezuia ndege zote za aina ya Panzi zisiruke, na mkuu wa ukaguzi, yaani wewe, ndiye aliyetia saini. Mama alijivuna weee, kisha akaelewa. Dada, imeanguka moja, tena mbali huko, na mmesema wenyewe sababu haijulikani. Yetu inatua hapa tangu niko shule ya msingi, na hakuna nyingine inayoweza uwanja huu mfupi. Barabara ndiyo ile ya malori, na mvua zimeanza. Mimi ni tabibu tu, sipasui watu. Wa kupasuliwa nilikuwa nawasafirisha kwa Panzi. Sasa niwabebe mgongoni?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Nashukuru mko salama. Huku wote wazima, isipokuwa mimi nimechoka kuulizwa.

Wenye mashirika wamenipigia, mkurugenzi kaniita, na sasa wewe. Kila mtu ananiambia imeanguka moja tu, kana kwamba kazi yangu ni kusubiri ya pili. Nilikwenda pale ilipoanguka. Ndege iko upande huu wa mto, mkia tumeukuta ng'ambo, katikati ya shamba la mtu. Maana yake ulichomoka angani. Kwa nini ulichomoka sijui, na ndiyo maana nimezizuia zote. Ningejua, ningezuia zenye ubovu huo na nyingine zikaendelea.

Kiwanda kinachoziunda kinataka ziruke, tungoje ripoti yao. Nikauliza kikaoni, tungoje huku abiria wakiwa ndani? Mkurugenzi akaagiza chai.

Nimeomba helikopta ya jeshi kwa ajili ya wagonjwa wenu. Wamesema niandike barua. Nimeandika. Wamesema haikupitia ofisi inayohusika. Nimeandika nyingine.

Mpe Mama pole.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Mama anakusalimu.

Helikopta hatujaiona. Mpishi wetu wa hospitali, yule mama aliyekuwa akikuita bibi harusi kila ukija, alishikwa na tumbo. Utumbo ulikuwa umejisokota. Kwa Panzi angekuwa mezani kwa daktari kabla ya adhuhuri. Nikampandisha lori la simenti. Likazama kwenye tope kabla ya daraja. Dereva, utingo na mimi tukachimba kwa sufuria na mikono. Mpishi akaniita, "Tabibu, acha kuchimba, njoo ukae." Nikaenda nikakaa naye.

Tumemzika jana. Mumewe aliniuliza ni nani hasa aliyezuia ndege. Nikamjibu, serikali.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Hali yako siiulizi. Barua yako niliisoma ofisini, nikalia mbele ya watu.

Nataka ulisikie kwangu kabla ya redioni. Tumezifungua ndege zote kipande kwa kipande, tukazikagua. Mbili zimekutwa na ufa kwenye boliti inayoshika mkia, ndani kabisa, mahali ambapo ukaguzi wa kawaida haufiki. Zote mbili zilikuwa zinabeba abiria hadi siku niliyozizuia.

Yenu haina ufa. Ni nzima kama mpya. Mpishi wenu angepanda, angefika.

Nimelizungusha hilo kichwani mpaka limenichosha. Ukinirudisha siku ile, nikiwa sijui ninachojua leo, nitatia saini tena. Helikopta ndiyo nitakayoijutia. Ningekwenda kupiga kambi mlangoni kwao, badala yake nilikaa naandika barua.

Mkurugenzi amewaambia wanahabari kwamba alichukua hatua mapema.

Dada yako

15 Mei

Mdogo wangu,

Mama anapokea simu, wewe hupokei. Boliti mpya zimefika. Ndege yenu itarudi wiki ijayo. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Dada yako

3 Juni

Dada,

Hatujambo. Goti la Mama limetulia kidogo.

Ndege ilirudi. Watu walijaa uwanjani na tiketi zao, na hakuna aliyesogea. Wote walinitazama mimi, kwa kuwa ni ndugu yako, na sasa wanajua ni wewe uliyezizuia. Nilikuwa na kijana aliyevunjika paja, nikampakia, nikapanda naye. Wengine wakafuata.

Labda walidhani naogopa, lakini mkia sikuuwaza hata kidogo. Dakika chache tu tangu kuruka, nikaliona daraja chini yetu, dogo, na lile tope pembeni yake. Tulilipita kabla sijamaliza kufunga bendeji. Nikageuza uso pembeni nisimtishe kijana wa watu.

Ulifanya sawa. Nimelisema hilo hata kwa mume wa marehemu, nikamwambia na aliyetia saini ni nani. Lakini kukuona bado siwezi. Mama anauliza utakuja lini. Kwa sasa usije. Nikiweza, nitakuandikia mwenyewe.

Mdogo wako