Neno Nililopeleka ku Duka ya Papa Kambale

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3 mwezi wa sita

Jambo, kaye, daftari yangu. Sijue kuandika kitu bila salamu, njo vile tulifundishwa mu darasa la tatu, kisha vita ikaingia na shule ikakuwa nyumba ya askari. Basi nasalimia. Nasalimia Papa Neema, bwana yangu, kule Hombo, mafuta yake ya mawese iuzike. Nasalimia Koko, mama ya bwana yangu, anakohoa hapa nyuma ya ukuta. Nasalimia Esther, mutoto wangu mudogo, iko analala kinywa wazi. Nasalimia mbuzi. Nasalimia Neema, mutoto wangu wa kwanza, miaka kumi na tisa, haiko ndani ya nyumba. Saa kumi na mbili asubui. Iko ku barabara na velo, baiskeli ya Papa Kambale, anapanda mulima, anashuka, anapanda tena.

Neema alikata kaye yake katikati, akanipa nusu. Nusu yake ni ya mashindano. Hii ni yangu, hakuna mwenye kuisoma. Naificha ndani ya gunia ya maharagi.

Kazi yangu ni mbili. Kujaza bidoni yake, chupa ya kunywea njiani: maji ya kuchemsha, chumvi kidogo, sukari kidogo. Na kuandika saa ya kutoka na saa ya kurudi ku karatasi ya ukuta. Leo alitoka saa kumi na moja na nusu.

Bado.

Bado.

Amerudi saa moja na robo. Sasa naweza kupika.

Siku ya tano, tarehe 7

Programu yake iko ku ukuta, alipiga mistari na rula. Mashindano tatu. Tarehe 15 ya mwezi huu, kukimbia na miguu, hapa Kashuga. Tarehe 6 mwezi wa saba, velo, kufika Mweso na kurudi. Hizo mbili ni za kuzoeza mwili. Ya kweli ni tarehe 3 mwezi wa munane: kuogelea mu ziwa kule Mokoto, kutoka mu maji unapanda velo, kuacha velo unakimbia. Vyote siku moja. Anasema mwili hauanze na kikubwa, unaupandisha pole pole sawa vile muntu anapandisha muzigo ku kichwa. Wasichana watatu wa kwanza, watu wa sport watawabeba Goma. Watalala kule, watakula, watasoma.

Papa Kambale, muchuuzi wa Butembo mwenye duka na gari ya Fuso, njo alimuazima velo. Na Fuso yake njo itamupeleka ku ziwa. Bila yeye hakuna kitu.

Koko anamucheka. "Sisi tulikimbia juu ya masasi ya bunduki. Wewe nani anakufukuza?" Neema naye akacheka. Mimi hapana. Kutoka Kibua nilikimbia vita na yeye ku mugongo, ana miezi saba. Najua barabara inaweza kumufanya mwanamuke nini.

Siku ya posho, Jumamosi tarehe 15

Neema wa pili kati ya wasichana kumi na mbili. Nilipiga kelele mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka. Kisha ku kisima wamama wananiuliza: "Mama Neema, unamutafutia mutoto bwana ao pneu ya velo?" Nikajibu pneu, juu pneu ikipasuka inazibwa. Tulicheka.

Lakini ku soko kuna habari. Wasichana wawili wa kambi ya wakimbizi walisimamishwa na watu wa bunduki ku kona ya barabara ya Mweso. Walirudi kisha siku tatu. Hawaseme kitu. Ni kona ile ile Neema anapita kila asubui.

Furaha yangu yote ikatoka.

Siku ya pili, tarehe 18

Nilimuambia habari ya kona. Kumbe anajua. Alikuwa anapaka munyororo ya velo mafuta. Hakuinua kichwa. "Mama, ukinikataza nitatii. Nakuomba tu usinikataze."

Nikaenda kutafuta kuni, na kuni ilikuwa mingi nyumbani.

Neno moja ilitosha. Sikuisema. Sikutaka anichukie maisha yake yote. Mama gani huyo.

Siku ya ine, tarehe 20

Nimefanya mubaya. Naandika mbio mbio.

Nilienda ku duka kutafuta chumvi. Papa Kambale alikuwa peke yake. Nilitaka kumuambia arudishe velo juu ya usalama. Lakini angenijibu kama gari yake inapita kona ile kila siku na Mungu anailinda. Niliona picha ya Bikira Maria ku ukuta ya duka. Ni muntu wa sala. Kinywa yangu ikafunguka yenyewe. Nikamuambia mutoto iko na mimba, asiseme kama ni mimi nilimuambia, achukue tu velo yake.

Aliweka mukono ku kifua. Akauliza mwenye mimba ni nani. Nikasema bado hatujue. Akaniongezea chumvi bure, juu ya huruma.

Ile chumvi nilitia mu sombe, majani ya muhogo. Sote tulikula.

Siku ya tano, tarehe 21

Dereva alikuja kuchukua velo. Neema aliipanguza vizuri mbele ya kuitoa. Karatasi ya ukuta leo haina saa.

Nililala muchana sawa muntu aliyepona homa. Njo hii inaniletea haya kupita yote: nilikuwa na furaha.

Siku ya kwanza, tarehe 24

Nilifikiri nimemuambia Papa Kambale peke yake. Kumbe bwana na bibi ni sikio moja. Mama Kavira, bibi ya Papa Kambale, ametuma furushi. Ndani kitambaa mupya ya maua, ya kubebea mutoto ku mugongo. Na udongo mweupe, ule wanawake wenye mimba wanatafuna. Neema mwenyewe njo alifungua. Akanusa udongo, akaniuliza kama ni dawa ya Koko. Nikasema ndiyo.

Koko akatafuna kipande. Akasema ni tamu, lakini mimba yake ya mwisho iko Hombo inauzisha mafuta.

Kitambaa niliificha ndani ya maharagi, pamoja na wewe, kaye.

Siku ya Mungu, tarehe 30

Neno ilifika kanisa.

Muzee wa kanisa alisoma jina yake mwisho ya matangazo. Neema awekwe mu nizamu. Atoke mu korali, akae ku benchi ya nyuma kando ya mulango, mpaka kweli ijulikane. Alikuwa amesimama mustari wa kwanza na kanzu ya korali. Alinitazama. Mimi ni prezida wa wamama, nakaa mbele. Niliangalia Biblia yangu. Ilikuwa imepinduka, kichwa chini. Niliendelea kuiangalia.

Akatembea mpaka nyuma. Viatu yake inalia. Njia ile ya katikati ya kanisa ni ndefu kuliko ya Mweso.

Nyumbani aliweka kichwa ku mapaja yangu. "Mama, nani ananichukia hivi?"

Nilimusuka nywele. Mistari midogo midogo. Nilipomaliza nikafungua, nikasuka tena.

Siku ya tatu, tarehe 3 mwezi wa saba

Musichana akiwekwa mu nizamu juu ya mimba, wamama watatu wanamupima tumbo. Njo desturi yetu. Mama Sifa, Mama Riziki, na wa tatu prezida. Ni mimi.

Nilimushika mikono. Mama Sifa akabonyeza. Tumbo ni ngumu sawa ubao, juu ya kukimbia na kuogelea. Mama Sifa akasema ugumu huo njo alama. Mama Riziki akasema hapana, huo ni ugumu wa njaa. Walibishana juu ya mutoto wangu sawa watu wanapima gunia. Mwisho wakaamua: tungojee mwisho ya mwezi wa munane, tumbo itasema yenyewe. Tarehe 3, siku ya ziwa, itakuwa imepita.

Neema hakulia. Akanituliza mimi. "Usiogope, Mama. Hakuna kitu ndani."

Ningesema pale pale. Watu watatu tu. Sikusema.

Siku ya posho, tarehe 6

Mavelo ilipita mbele ya shamba letu asubui. Wote walienda Mweso, wote wakarudi. Neema alikuwa anapalia maharagi, mugongo ku barabara. Hakugeuka hata mara moja.

Siku ya pili, tarehe 16

Ameazima chukudu ya jirani, ile velo ya miti ya kubebea muzigo. Anapakia gunia ya viazi, anaisukuma mpaka juu ya mulima, anashuka akifunga breki na kiatu. Anasema miguu haijue kama ni velo ao ni muti. Kisha anaingia mu muto, anaogelea kupanda juu, maji inamurudisha, anapanda. Ku programu alipiga mustari juu ya tarehe 6. Tarehe 3 iko pale pale. Anasema labda Papa Kambale ataona kweli mbele ya siku hiyo.

Anapita kona ile ile na chukudu. Basi uongo yangu haikumulinda hata ku kona. Ilimuharibia jina tu.

Mbele ya chakula anaombea muntu aliyemusingizia, Mungu amusamehe. Kila siku. Na mimi nasema amina.

Siku ya Mungu, tarehe 21

Leo nimesema.

Matangazo ilipoisha, muzee aliuliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nilisema: "Mutoto wangu hana mimba. Ni mimi nilisema uongo ku duka ya Papa Kambale. Niliogopa barabara, na nilishindwa kumukataza na kinywa yangu."

Mutoto moja alikuwa analia nje. Kisha sauti ya Mama Sifa, pole pole: "Na ulimushika mikono." Ndiyo. Nilimushika mikono.

Muzee aliniambia nivue kitambaa nyeupe ya prezida, niende ku benchi ya nyuma mpaka Noeli. Na Neema arudi mbele. Kwa hiyo tulipishana katikati ya njia. Mimi nashuka, yeye anapanda. Aligeuza bega ili tusigusane.

Kutoka kanisa nilienda moja kwa moja ku duka, nikamuambia Papa Kambale pia, na kitambaa ya maua nikamurudishia bibi yake. Hakunigombeza. Alitoa velo nyuma ya magunia, akaipiga pompi. Kisha akasema, "Mama, ile chumvi nilikupa na roho safi."

Ile tu. Ingefaa anipige.

Siku ya pili, tarehe 23

Velo iko nyumbani. Nafasi ku Fuso iko. Neema anajaza bidoni mwenyewe. Saa zake anaandika mwenyewe ku ukuta. Ananisalimia sawa mugeni: jambo Mama, umeamukaje Mama, asante Mama. Kisha anatoka.

Nilimuambia nisamehe. Akasema amesikia.

Koko anasema mutoto anayekusalimia bado ni wako. Sijue kama anasema kweli ao ananionea huruma. Yeye pia hataki sana kula sombe yangu.

Siku ya Mungu, tarehe 28

Ku benchi ya nyuma unaona migongo tu. Neema aliimba mbele. Ukiwa mbele hausikie kama sauti yake inafika mpaka ku mulango. Sikujua. Miaka yote nilikuwa nakaa mbele.

Nilimuambia pia, nyumbani, na kinywa yangu: naogopa kona ile, kila siku naogopa, lakini sikukatazi. Akaniuliza juu ya nini sikusema vile tangu mwanzo.

Siku ya tano, tarehe 2 mwezi wa munane

Asubui nimekuta bidoni juu ya jiwe ya moto. Tupu. Kifuniko iko kando.

Nikachemsha maji. Chumvi kidogo, sukari kidogo. Nikaiweka pale pale.

Alikuja na mufuko yake, akaonja, akafunga, akaitia ndani. Fuso ikasimama ku barabara. Walifunga velo na kamba juu ya magunia, yeye akakaa kando yake. Wanawake wengine watano walikuwa ndani, nikawahesabu. Hakupunga mukono. Nilitazama gari mpaka ku kona, na kisha kona tupu.

Ku karatasi ya ukuta nafasi ya leo ilikuwa wazi. Hakuandika. Nimeandika mimi: kutoka, saa moja na dakika tano. Ya kurudi nimeiacha.

Sasa, kaye, ulianza na salamu na inapashwa nikufunge na salamu. Neema, huisome hii, lakini Koko anakusalimia, amekula leo. Esther anakusalimia, amelilia velo. Mbuzi iko. Mama yako iko ku mulango. Ukifika ku ziwa, mbele ya kuingia mu maji, tafuta dereva ao muntu yeyote mwenye kurudi huku, umupe neno. Hata kama ni "nimefika" tu. Muambie asichelewe ku njia.