Kichwa Kiko Ubavuni

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimemsindikiza Vailet kliniki. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Mimba ya tatu, imekomaa. Nesi Aikande alimpapasa tumbo kimya, akarudia, kisha akampeleka ultrasaundi. Mtoto amelala kukingama — kichwa ubavu wa kushoto, makalio kulia. Niliuliza kama ninavyouliza kazini redioni: sababu, hatari, hatua. Tumbo lililokwisha kuzaa hulegea, mtoto akapata nafasi ya kuzunguka. Hatari ni chupa ya uzazi kupasuka akiwa nyumbani: kamba ya kitovu inaweza kutangulia, mtoto akakosa hewa. Kwa hiyo akae karibu na hospitali hadi ajifungue, asisubiri uchungu kwake kijijini Sigino. Na asikandwe tumbo. Kondo la nyuma linaweza kubanduka.

Njiani Vailet alicheka. Wawili wa kwanza walitoka kama wanafukuzwa! Na mahindi bado yako shambani, nani atawapikia wavunaji?

Jumatano, 6 Agosti

Sigino, baada ya taarifa ya habari ya mchana. Paskasi, mume wa Vailet, anasema uchungu ukianza bodaboda zipo. Mama yake aliitikia shikamoo yangu vizuri, akanivutia kigoda. Kisha akaniambia amegeuza ndama tumboni kwa mikono yake tangu mimi sijazaliwa.

"Ng'ombe si mtu, mama," nikasema. "Mtu tumempatia hospitali."

"Na ng'ombe ana daktari wake. Akishindwa ananiita mimi!"

Tulicheka wote. Hoja nimeshindwa. Chai yake nzuri.

Ijumaa, 8 Agosti — Nane Nane

Nilikuwa nawarekodi wakulima wa vitunguu, Vailet akapiga simu. Mtoto amegeuka! Jana Mama Paskasi alimkanda kwa samli, polepole, hadi kichwa kikateleza chini. Damu? Hakuna. Anacheza? Anacheza sana.

Nilimpigia Aikande, nikamweleza yote. Hakufurahi wala hakushangaa. Anayegeuka kirahisi hurudi kirahisi, akasema. Aje leo aangaliwe. Nikamfikishia Vailet.

"Mama mdogo! Hata habari njema unazichunguza?"

Hakwenda.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa, wanawake walimzunguka Mama Paskasi nje ya kanisa, wakimpongeza kwa kumgeuza mtoto. Mmoja alimwomba amwangalie binti yake mjamzito aliyeko Nakwa. Mama alikuwa anatazama chini, anatabasamu. Sijawahi kumwona hivyo.

Vailet aliuchukua mkono wangu, akauingiza chini ya khanga. Kitu kigumu, cha mviringo. Kushoto.

"Kimerudi tangu jana," alinong'ona. "Usimwambie mama. Si leo, mbele ya watu hawa."

Nilimwambia twende sasa hivi, gari lipo. Akasema kesho, wavunaji wakimaliza. Nilimwambia tena. Kesho, mama mdogo. Nimeona wengi wakificha mambo kwa woga au kwa faida. Huyu anaficha asimwaibishe mkwe wake. Sijui hilo niliweke wapi.

Jumatatu, 11 Agosti

Mashine ya kupukuchua imechelewa. Hakwenda. Nimepiga simu tatu. Ya tatu alipokea mtoto wake, Fabiola: mama yuko jikoni.

Jumanne, 12 Agosti

Chupa imepasuka asubuhi, akiwa uani anaanika mahindi. Paskasi alinipigia mimi, si bodaboda — angalau hilo! Nilifika na gari la kazini. Tukamlaza ubavu kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa Mama Paskasi.

Karibu na Maisaka mama alinyoosha mkono, akaliwekea tumbo la Vailet kiganja. Hakukanda, aliweka tu. Akakisogeza kushoto, kikasimama. Akakiondoa, akakifuta kwenye khanga yake, ingawa kilikuwa kikavu.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Jumamosi, mama," Vailet akajibu.

"Na ukaniacha nipongezwe."

"Ulikuwa umefurahi."

Tukaingia geti la hospitali.

Daktari amempima. Kamba ya kitovu haijatangulia. Moyo wa mtoto unadunda, ila hawaupendi mwendo wake. Upasuaji, sasa. Wamempeleka. Naandika kwenye benchi la korido. Paskasi amesimama kulia kwangu, mama yake amekaa kushoto, mikono mapajani, viganja juu.

Nesi mgeni kwetu ametoka chumba cha upasuaji, barakoa imeshushwa kidevuni. Anauliza kama kuna mtu alimkanda huyu mama tumbo. Anataka ukweli, daktari anauhitaji kabla ya kupasua. Paskasi ameangalia sakafu. Nilikuwa nafungua mdomo.

"Ni mimi," Mama Paskasi amesema. Amesimama. "Alhamisi. Kwa samli. Yeye hakuniomba."

Nilitegemea agombezwe. Nesi amemtazama kidogo tu.

"Mtoto bado anacheza, bibi. Nionyeshe. Kichwa ulikikuta wapi, ukakipeleka wapi? Ulibonyeza kwa nguvu?"

Mama ameinua mikono yote miwili. Anaonyesha hewani, polepole, kama vile tumbo lipo pale, na nesi anafuatisha viganja vyake kwa macho.