Jini wa Kwenye Televisheni

Garissa

Kadar wangu wa Eldas,

Assalaam aleikum. Huku mvua imenyesha, mbuzi wetu wamenona.

Mimi na Ayeeyo, bibi yangu, tunafuata katuni ya daktari anayepambana na mizimu. Siku moja msichana humo akaanguka akitetemeka, wote wakasema ana jini. Ayeeyo akaifokea televisheni: "Jini gani, wallahi! Huyo ana mdudu kichwani, kama mbuzi anayezungukazunguka!"

Daktari akampiga picha ya kichwa: mdudu! Ayeeyo akapiga vigelegele. Kisha akanitazama mimi, niangukaye vilevile. Asubuhi akanipeleka hospitali mwenyewe.

Huu ni mwezi wa tatu natumia dawa, sijaanguka hata mara moja.

Mama yako alikataa unioe, eti hataki jini nyumbani kwake. Mwambie jini hakuwepo. Yupo Ayeeyo, na anamsubiri.

Ni mimi, niliyesimama wima,
Ugbad