Mtihani wa Alhamisi, Kitanda Namba Tisa

Wodi ya Wanaume,
Kitanda namba 9,
Jumapili, 12 Mei.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Pokea salamu za kaka yako aliyebaki mifupa na maneno. Hujambo huko mbali? Presha ya shemeji imetulia? Wajukuu hawajakuchosha? Mimi ni yule yule, ila moyo umechoka na daktari hajanificha. Nivumilie mwandiko.

Tangu mguu wa kushoto upooze, ninahudumiwa na mwanafunzi wa tiba ya viungo, binti aliyeletwa hapa kwa mafunzo ya wiki sita. Hufika saa mbili asubuhi na viatu vya raba, daftari mfukoni, usingizi bado machoni. Wodi nzima inamwita Nirudishie, kwa sababu akishakupa maagizo husema, "Haya babu, nirudishie," nawe huna budi kuyarudia kabla hajakugusa.

Dada, miaka themanini na miwili nimeishi na magoti nisiyoyajua! Kumbe mtu hasimami kwa miguu tu. Unavuta nyayo nyuma, unainama mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo makalio yanabanduka kitini. Jaribu hapo ulipo, uone. Ninamuuliza maswali mpaka jirani yangu, fundi bomba mwenye nyonga iliyovunjika, ananitania: "Mwalimu mkuu, umekuja kupona au kuchukua cheti?"

Sasa nikuungamie jambo, maana sitaki kuondoka nalo.

Jumanne fundi bomba alikuwa amepelekwa kupigwa picha. Binti alinikalisha kitini, akaenda kuchukua fremu ya kutembelea mwisho wa wodi. "Usisimame mpaka nirudi. Nirudishie." Nikamrudishia vizuri kabisa. Alipogeuka tu, nikashikwa na hamu ya kujua: mguu huu unaweza bila yeye? Nikavuta nyayo, nikapitisha pua. Nilisimama, dada! Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nne ilinikuta sakafuni.

Msimamizi wake alikuja mbio. "Mzee, hukuambiwa usubiri?"

"Sikuambiwa."

Mimi huyo, niliyechapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo. Niliona aibu kuonekana mtoto mtundu. Binti alinitazama, akainamisha kichwa. Kesho yake alikuja kama kawaida, lakini hakusema "nirudishie". Aliniletea maagizo kwenye karatasi, nitie sahihi.

Ijumaa nikasikia wauguzi wakisema atafelishwa, arudie mwaka. Nikamwita msimamizi, nikaomba na binti awepo, nikasema ukweli wote mbele ya wodi.

"Mbona hukusema siku ile?" msimamizi akauliza.

"Niliogopa kuchekwa."

Binti hakucheka. "Ungenipotezea mwaka, babu," akasema. Nikamwomba radhi. Akajibu, "Nimesikia," basi. Hajasema amenisamehe, nami sijamdai.

Msimamizi hakumfutia kosa lote. Fremu ilipaswa kuwa karibu kabla sijakalishwa. Atampima upya Alhamisi saa nne, na mgonjwa wa kufanyia mtihani binti atamchagua mwenyewe. Amenichagua mimi! Nilimuuliza kwa nini, wakati fundi bomba ni mtiifu kuliko mimi. Akasema, "Kwa sababu wewe najua unachofanya nikigeuka."

Kwa hiyo siku ukisimama kunisemea kaburini, usiwaambie watu kwamba kaka hakuwahi kusema uongo. Waambie alisema, akarudi kuufuta.

Msalimie shemeji, na binamu yetu fundi cherehani, na yule mjukuu wako anayeuliza kila kitu, mwambie asiache. Mungu akulindie nyumba yako na wote waliomo.

Nami niombee, mdogo wangu. Sikuombi miaka. Niombee nifike Alhamisi, na saa nne ikigonga nikae kitini nisubiri mpaka niambiwe.

Akupendaye tangu ulipozaliwa,
Kaka yako mkubwa.