Fundo Alilonifungia Callixte

Mpendwa Bi Khadidja, nakusalimu wewe na wote wanaosoma ukurasa wako wa ushauri gazetini, na naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, kwa sababu jambo langu siwezi kumwambia mke wangu wala mtu wa msikitini, nimebaki na kalamu tu.

Mimi ni Uthmani wa Buyenzi, kazi yangu ni kupanda miti na kupunguza matawi kwenye nyumba za watu, na nilianza mwaka 1984 pamoja na mwenzangu Callixte wa Kamenge, tukifundishwa sote wawili na fundi mmoja wa Uvira aliyeitwa Cirimwami. Kama hujui kazi yetu nikueleze kidogo, tunatupa kamba nene juu ya tawi imara, halafu kamba nyembamba tunaizungusha mara kadhaa kwenye ile nene na kuiunganisha na mkanda wa kiunoni, na hilo ndilo fundo lenyewe, ukilisukuma kwa mkono linapanda bila shida, lakini ukiliachia uzito wako linaibana kamba na kukushika hapohapo hewani, mikono yako yote miwili ikabaki huru kwa msumeno. Cirimwami alitukataza mtu kujifungia fundo mwenyewe. Mwenzako ndiye anayekufungia, kisha anajining'iniza yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo wewe unapanda.

Bi Khadidja, siku zile zilikuwa tamu. Tulikuwa na baiskeli moja, Callixte anaendesha na mimi nimekaa nyuma na kamba shingoni, tunazunguka Rohero yote mpaka Mutanga Nord, watu wanatuita kwa majina, na mchana tunakaa juu ya matawi tuliyoyaangusha tunakula bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, yeye na bia yake ya Primus na mimi na Fanta yangu, na harufu ya mkaratusi uliokatwa imetujaa nguo. Wakati ule nilikuwa mnene, na kila asubuhi akinifungia alikuwa ananitania, "We Uthmani uko muzito sana, nakuongezea muzunguko moja, sitaki Kudra akuje kunililia." Kudra ndiye mke wangu. Nilikuwa nacheka mpaka nashindwa kukaza mkanda.

Mwezi wa sita mwaka 1995, vita vikiwa vimeshaingia mtaa wao wa Kamenge, alikuja asubuhi kwenye kazi kama kawaida, akanifungia fundo, akajining'iniza, kisha akashuka na kuvaa koti lake. Akaniambia, "Mi sibaki leo. Tunavuka ziwa na bibi na batoto. Hii fundo itakushika mpaka nirudi." Sikupanda mti siku ile. Nilimsindikiza mpaka karibu na bandari, tukaagana kwa haraka kama watu watakaoonana kesho, na tangu hapo sijapata barua wala salamu, wengine wanasema yuko Kigoma, wengine wanasema hawakufika.

Fundo lile sijalifungua mpaka leo, na huu ni mwaka 2004. Miaka mitano lilikaa kwenye gunia chini ya kitanda, maana nani angejiweka juu ya mti, mji mzima unamwona, na bunduki zinalia. Kisha nikapata mwenzangu mpya, Astère wa Nyakabiga, mtaa uliokuwa adui wa Kamenge wakati wa vita, baba wa watoto wawili, mtu wa kazi na mwenye adabu. Kila siku mimi namfungia lake na kujining'iniza, naye anapanda, lakini yeye sijamruhusu anifungie langu hata mara moja, mimi napanda kwa lilelile la Callixte. Aliniletea kamba mpya nikaikataa, kwa kuwa fundo haliwezi kuhamia kamba nyingine bila kufunguliwa, na sababu sijamwambia, najifanya mkali tu.

Mwezi uliopita fundo liliteleza. Kamba ile nyembamba imekuwa ngumu na inang'aa, haibani tena kama zamani, nikashuka karibu mita mbili kabla haijanishika, kiganja kikaungua, na nyumbani nikamwambia Kudra ni birika la chai. Astère aliona yote. Aliniuliza, "Muzee, niambie kweli tu. Unanikatalia sababu natoka Nyakabiga? Unafikiri nitakufunga vibaya ufe?" Nilikunja kamba nikaondoka, na sasa amesema mwezi ukiisha na mi sijabadilika atatafuta mtu mwingine wa kufanya naye kazi.

Ninaogopa, Bi Khadidja. Watu waliokimbia vita wameanza kurudi, nimekwenda bandarini mara tatu kutazama wanaoshuka, na naona nikilifungua fundo hili nitakuwa mimi niliyesema kwamba Callixte hatarudi. Nifanye nini?

Uthmani, Buyenzi

*

Uthmani kaka yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilikasirika, na ninakujibu na hasira yangu ikiwa bado ya moto.

Acha kumdanganya Kudra. Mwanamke anayeshika birika kila asubuhi anajua linaunguza vipi, na kamba inaunguza vipi pia anajua, ameishi na mpanda miti miaka yote hiyo. Anakungoja useme. Mwambie leo, na umwonyeshe mkono.

Halafu huyo Astère. Katika mji huu, katika miaka hii, mtu anakuuliza kama unamwogopa kwa sababu ya mtaa anakotoka, na wewe unakunja kamba unaondoka! Unajua alilala na nini moyoni usiku ule? Unampandisha yeye kwa mikono yako kila siku na hutaki mikono yake ikupandishe wewe. Miaka minne mnakula pamoja na hujawahi kumtajia hata jina la Callixte. Angejuaje? Alichokiona ni mzee anayechagua kuanguka kuliko kufungwa na yeye.

Mapenzi yako kwa Callixte siyacheki. Mimi nilikuwa na jirani, Epiphanie, tulipakana ua kwa ua, akaniachia sufuria yake kubwa mwaka 1994 akisema atakuja kuichukua wiki ijayo. Kila Idi naipikia. Imetoboka mara mbili na mara mbili nimeipeleka kwa fundi. Nikiiosha namkumbuka, na bado naingoja ile wiki yake. Kuitengeneza hakujanizuia kumngoja.

Sasa nisikilize. Usipande mti wowote kwa kamba hizo, hata mpapai. Fundo lile lilifungiwa mtu mnene wa mwaka 1995, kwa kamba ya mwaka huo, na Callixte angekuona leo na kamba inayong'aa hivyo angelifungua yeye mwenyewe kabla hata ya kukusalimia, na matusi angekupa. Kila asubuhi alikuwa anakufungia upya, umeandika hivyo kwa mkono wako. Unalinda kitu ambacho yeye hangekiacha kidumu hata siku mbili.

Ukimaliza kusoma, nenda Nyakabiga kwa Astère. Usitume mtu. Muombe msamaha, kisha mpe habari yote, baiskeli, Primus, utani wa uzito wako, na asubuhi ile ya koti. Mlete kwako, Kudra awepo, chai iwepo, na mbele yao ulifungue fundo pole pole huku ukihesabu mizunguko, umwonyeshe Astère jinsi Callixte alivyokuwa anakufungia. Ukilia, lia, uko nyumbani kwako. Ile nyembamba iweke kwenye sanduku ukitaka, sikukatazi. Ile nene mpe Kudra aanikie nguo. Baada ya hapo toeni kamba mpya uliyoikataa, Astère akufungie, ajining'inize yeye kwanza kama mlivyofundishwa, na wewe usitazame pembeni.

Bandarini endelea kwenda, hata kila wiki. Callixte kama yuko hai atakuja moja kwa moja Buyenzi, atapiga hodi kwako kabla ya kwa mtu mwingine yeyote. Mlango huo naomba uufungue wewe, asiufungue mjane.