Jino la Filomena

Marahaba, mjukuu wangu Skola. Huku Songea tunavuna mahindi, na babu yako bado anakohoa.

Unauliza kama uende nje ya nchi kwa yule mtaalamu anayetibu meno kwa dawa za asili. Nilipokuwa msichana nilimsindikiza dada yangu Filomena kwa mganga wa namna hiyo, Msumbiji. Tulivuka mto Ruvuma kwa mtumbwi, jino likang'olewa bila maumivu, tukanunua vitenge sare. Siku ya tatu nyumbani shavu likavimba. Mganga yuko ng'ambo, na mto umefurika. Daktari wa huku alipouliza ametiwa dawa gani, hakuna kati yetu aliyeijua.

Sikukatazi. Uliza tu nani atakutazama ukisharudi.

Kitenge changu bado kipo sandukuni. Chake tulimzika nacho.

Bibi yako, Anastazia