Kamba Uliyoniachia, Mjomba

Mjomba,

Shikamoo, popote ulipo. Naandika viganja vinaniuma, na kesho nina safari ambayo moyo wangu hauitaki.

Siku ya arobaini yako wazee wa ukoo walinirithisha jina lako. Wakaniita Kibwana, na pamoja na jina wakanikabidhi boti yako ya tanga, ikiwa juu ya tela lake. Watani hawakukawia. "Kibwana, bahari yako iko mlima gani?" Wanakumbuka ulivyoivuta kutoka Dar mpaka huku milimani miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa, wenzio wakileta friji na redio. Uliwajibu, "Si mmeambiwa ruksa? Na mimi nimeruhusiwa kuelea."

Sasa wote wanadhani ujuzi wako nao umenijia. Haukuja, Mjomba.

Jumamosi niliipeleka bwawani Mindu peke yangu. Tanga la mbele lilifunguka vizuri mno, nikafurahi, nikaiacha ile kamba ya kulikunjia, inayojizungusha kwenye kigurudumu tanga likifunguka, ikimbie yenyewe. Ulinionya: "Ishike kama kamba ya mbuzi, usikaze wala usiachie." Nikasahau. Upepo wa mlimani ukashuka ghafla. Navuta nikunje tanga, kamba imejisokota kwenye kigurudumu chake, haiendi mbele wala nyuma. Nilivuta mpaka ikanichuna. Boti ililala ubavu, ikaenda kujikita kwenye matete, ndiyo pona yangu. Na unajua kule kuna viboko.

Mkeo naye kesho anataka nimpeleke. Yeye ambaye hakuwahi kuipanda hata siku moja, na kuogelea hajui! "Jina umelichukua," kasema, "basi nipeleke nikaone alichokuwa anakiona mwenzangu." Namkataliaje mjane? Nikamwonyesha viganja vyangu, nikidhani ataogopa.

Akavishika, akavitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Hii mikono naijua," akasema, akaenda kuleta mafuta ya nazi. Kumbe kila ukitoka Mindu alikuwa anakupaka, na ulimwapisha asimwambie mtu.

Mjomba! Mimi uliniambia kamba ile haijawahi kukushinda. Nilikukasirikia pale pale, huku ananipaka, halafu nikakulilia upya. Kwa nini hukuniambia kwamba na wewe ilikuchuna, na wewe ulikuwa unaogopa?

Mimi bado naogopa. Tangu mchana nimeifungua kamba yote na kuizungusha upya, taratibu, nikiikagua kila inapolalia. Nimekunja tanga na kulikunjua mpaka majirani wamechoka kunitazama. Linakubali. Lakini hapa uani hakuna upepo.

Kesho nitakuwa naangalia kilele cha Bondwa, kule mlimani upepo unakoshukia. Ukungu ukianza tu kukimbia, nitalikunja mapema, watani wacheke watakavyo. Kamba haitanitoka mkononi. Mkeo nitamrudisha nyumbani, nguo zake kavu.

Pumzika, Mjomba. Huku wote wananiita Kibwana. Wewe niite kama zamani.

Mpwa wako,
Salum